Kutoka Tanga hadi bonde la Leh: je, mwili utakubali?

*"Daktari, salamu. Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Chumbageni, Tanga. Mwanangu wa kwanza anamaliza chuo Chandigarh, India, na mwezi wa saba ametuandalia safari ya siku tano kwenda Leh, bonde lililoko milimani huko Ladakh. Tunaruka asubuhi kutoka Delhi, mchana tunatembezwa mjini, kesho yake tunakwenda kulala kwenye mahema kando ya Ziwa Pangong. Mimi nina presha, natumia amlodipine mwaka wa nne sasa na imetulia. Mume wangu ana miaka 61, hana ugonjwa wowote, anaogelea Raskazone kila alfajiri. Binti yetu ana miaka 17. Alipokuwa mdogo tuliambiwa ana sikoseli 'ile ya kubeba tu'. Ndugu wananichanganya. Wengine wanasema sisi watu wa pwani damu yetu nyepesi, kule hatuwezi. Wengine wanasema mbona Lushoto tunapanda na kurudi salama. Shemeji ameniambia nibebe kitunguu saumu na kopo la oksijeni. Niende au niache?"*

Nenda, dada yangu, ila si kwa ratiba hiyo. Mwanao amepanga kwa mapenzi, na kama angekuwa anawapeleka Mumbai nisingekuwa na neno. Leh ni habari nyingine. Wewe na mzee mnaweza kwenda na kurudi salama mkikubali kupoteza siku mbili za mwanzo bila kufanya chochote cha maana. Kuhusu binti, sitoi ruhusa wala sikatazi mpaka apimwe upya, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na Lushoto, maana hapo ndipo ndugu zako wanapokupotosha bila kukusudia. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Mombo ukazimaliza zile kona, masikio huziba kidogo, baridi inakupokea, basi. Mwili hauna cha kulalamikia. Leh iko karibu mita 3,500. Inaitwa bonde kwa sababu Mto Indus unapita hapo na milima imeuzunguka, lakini sakafu ya bonde hilo iko juu kuliko kilele chochote cha Usambara, kwani sisi huko hatufiki hata mita 2,400.

Kwetu Tanzania, mahali pa kulinganisha na Leh ni Kilimanjaro. Kambi ya Horombo, njia ya Marangu, iko mita 3,720. Anayepanda kwa njia hiyo hulala kwanza Mandara, mita 2,700 hivi, na Horombo anaifikia siku ya pili kwa miguu, huku waongozaji wakimwambia pole pole kila baada ya hatua chache. Ninyi mtatoka Delhi, tambarare, na baada ya saa moja na nusu hivi mlango wa ndege utafunguliwa kwenye mita 3,256, ulipo uwanja wa Leh. Kupaa huko kwa ghafla ndiko kunakoumiza watu, kuliko hata mwinuko wenyewe.

Watu husema kule juu oksijeni imeisha. Haijaisha. Katika hewa ya Tanga oksijeni ni asilimia 21, na Leh ni asilimia 21 vilevile. Kinachopungua ni mgandamizo. Fikiria magodoro ya sufi yaliyopangwa dukani hadi darini: la chini kabisa limebanwa na yote yaliyo juu yake, la juu limejaa upepo. Sisi wa pwani tunaishi kwenye godoro la chini. Hewa ya huku imeshindiliwa, kila pumzi inaingia na mzigo kamili. Leh mgandamizo ni kama asilimia 65 ya huu wetu, kwa hiyo pumzi ileile inaleta theluthi mbili tu ya oksijeni uliyoizoea.

Mwili hauoni hilo ukanyamaza. Ndani ya dakika chache unaanza kupumua haraka na kwa kina, na moyo unaongeza mapigo. Hapo linazaliwa tatizo la pili ambalo wengi hawalijui: ukipumua sana unatoa kabonidaioksaidi nyingi, damu inapoteza uchachu wake wa kawaida, na ubongo unaamuru upunguze kupumua. Oksijeni inasema ongeza, uchachu wa damu unasema punguza. Mchana unamudu. Usiku, ukisinzia, amri hizo mbili zinagombana: mtu anapumua kwa nguvu, anatulia kabisa kwa sekunde kadhaa, halafu anashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo. Ukimwona mzee anafanya hivyo usiku wa kwanza usipige yowe, ni jambo la kawaida kule. Wanaosuluhisha ugomvi huo ni figo, kwa kutoa kupitia mkojo bikaboneti, ile chumvi inayopunguza uchachu wa damu, na figo hazikimbizwi. Huchukua siku kadhaa. Kuzoea kule juu ni kuzingojea figo zimalize kazi.

Kwa hiyo habari ya damu nyepesi ya watu wa pwani iache. Mtu wa Delhi, mtu wa Chennai, mtu wa Pangani, wote wakishuka kwenye ndege ile wana figo ambazo hazijaanza kazi. Wenyeji wa Ladakh wana miili iliyozoea vizazi kwa vizazi, nao hatujilinganishi nao.

Mzee anayeogelea Raskazone kila alfajiri namheshimu, lakini mazoezi hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Mara nyingi wenye nguvu ndio wanaoumia, kwa sababu wanajisikia wazima na wanakataa kupumzika. Halafu unasema hana ugonjwa wowote. Je, amepima, au hana kwa sababu hajapima? Mwanaume wa miaka 61 apime presha, sukari na wingi wa damu, na asikilizwe moyo, hata kama asingekuwa anasafiri. Kama hupata maumivu ya kifua au kubanwa pumzi akipanda ngazi hapa hapa Tanga, hilo limalizwe kwanza hospitali.

Sasa dalili. Ugonjwa wa mwinuko wa kawaida huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika, si uwanjani. Mnafika asubuhi mkiwa wachangamfu, mnasema kumbe walituogopesha bure, jioni kichwa kinaanza kugonga. Kinafuatiwa na kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu, kizunguzungu na usingizi wa mang'amung'amu. Huwapata wengi na huisha wenyewe ndani ya siku moja au mbili, mradi mtu atulie hapo alipo na asipande zaidi. Parasetamoli inafaa kwa kichwa. Wewe mwenye presha usiizoee diklofenaki tunayoimeza huku kama karanga, maana inaweza kupandisha presha na kuzichosha figo zile zile tunazozitegemea.

Hatari ziko mbili. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anachanganyikiwa, anaongea ovyo, anayumba kama mlevi. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, hana haja ya kulala aone kama kutakucha vizuri, ni hospitali saa hiyo hiyo. Ya pili ni mapafu kujaa maji, ambayo hupenda kuja usiku wa pili hadi wa nne: kikohozi, kubanwa pumzi hata akiwa ameketi, midomo kubadilika rangi, mwishowe makohozi yenye povu la waridi. Hiyo huua, na huua hata vijana wenye afya. Tiba ya zote mbili ni oksijeni na kushuka. Dawa nyingine ni nyongeza.

Na kushuka kutoka Leh si rahisi hivyo. Kilimanjaro mgonjwa anageuzwa tu, kila hatua ni chini. Leh imezungukwa na vipito vya milimani. Barabara ya kwenda Srinagar lazima ipande Fotu La, mita 4,108, kabla haijateremka. Ya kwenda Bonde la Nubra inavuka Khardung La, inayozidi mita 5,300. Nubra yenyewe iko chini kuliko Leh, karibu mita 3,100, na watu hudhani wameshuka wakawa salama, wakisahau kwamba kutoka huko akiugua mtu lazima apitishwe tena juu. Ndiyo maana Leh kwenyewe wagonjwa wengi hutibiwa hapo hapo kwa oksijeni na mapumziko katika hospitali ya mji, Sonam Norboo Memorial, na wanaohitaji kushuka hupelekwa kwa ndege. Mji una hospitali inayoujua ugonjwa huu kama sisi tunavyoijua malaria. Pangong haina hiyo.

Hapo ndipo ninapokataa ratiba ya mwanao. Ziwa lile liko karibu mita 4,250, na kulifikia kutoka Leh kwa njia iliyozoeleka mnavuka Chang La, inayopita mita 5,000. Kanuni tunayoitumia ni kwamba ukishazidi mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Yeye anawarusha kutoka Delhi hadi 3,500 usiku wa kwanza, kisha 4,250 usiku wa pili, tena kwenye hema, saa kadhaa kutoka hospitalini, na mama mwenye presha na binti ambaye hatujui damu yake ikoje. Picha za ziwa ni nzuri sana, sikatai. Ila kwa siku tano, Pangong iondoeni.

Badala yake, siku ya kwanza mkifika nendeni hotelini mkae. Si kulala kutwa nzima. Kaeni, nyosheni miguu barazani, kunyweni chai, mle chakula chepesi. Siku ya pili nayo ni ya taratibu: tembeeni sokoni penye tambarare, na kama ni watu wa swala, msikiti wa Jamia wa karne ya 17 uko hapo hapo sokoni. Ikulu ya kale ya Leh iko juu ya mji na inataka kupanda, iacheni mpaka siku ya tatu au ya nne. Siku ya tatu, kama wote mna hamu ya kula na hakuna kichwa, shukeni na Mto Indus hadi Nimmu, unapokutana na Mto Zanskar, mfike mpaka Alchi kwenye hekalu la kale la Wabuddha. Uzuri wa matembezi hayo ni kwamba mnakwenda chini, karibu mita 3,100, na jioni mnarudi kulala pale mlipokwisha kuzoea. Watalii wengi huyaacha kwa sababu hayana sifa ya barabara ya juu kabisa. Mimi ningewapeleka huko kwanza.

Kuna dawa inaitwa asetazolamaidi, wengi wanaijua kwa jina la Diamox, ambayo madaktari wa macho huitumia kwa presha ya macho. Inazisukuma figo zitoe bikaboneti mapema, yaani inafupisha ule muda wa kungoja. Kwa watu wanaoruka moja kwa moja hadi 3,500, nadhani ina maana. Kipimo kinachotumika sana kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda hadi siku ya pili baada ya kufika. Vidole vitawasha kama ganzi, mkojo utakuwa mwingi, na soda itakuwa na ladha mbaya. Hayo si madhara ya kutisha. Lakini iko katika ukoo wa dawa za salfa. Kama mmoja wenu aliwahi kubabuka ngozi au kuvimba midomo baada ya SP au Septrin, asiiguse bila kuongea na daktari. Mwenye ugonjwa wa figo vilevile. Msiinunue dukani mkaanza tu. Nendeni mkaandikiwe, na mkipewa ijaribuni siku moja mkiwa bado Tanga.

Presha yako isikukoseshe safari. Siku za mwanzo kule juu presha hupanda kidogo kwa kila mtu, kwa sababu mwili uko kwenye hekaheka. Aliyedhibitiwa vizuri kama wewe kwa kawaida humudu. Usiache amlodipine hata siku moja, ibebe kwenye mkoba wa mkononi, na beba kipimo chako cha presha. Wiki mbili kabla ya safari muone daktari wako. Kama imeanza kuvuka 160 kwa 100, ahirisha mpaka irudi. Ukiwa Leh na ukaona imepanda kidogo bila dalili, usijiongezee kidonge, pumzika upime tena. Ikipanda pamoja na maumivu ya kifua, kuona ukungu au kichwa kisichosikia parasetamoli, hospitali.

Sasa binti. Naandika hapa kwa makini kwa sababu familia nyingi za pwani zimo katika hali yenu. Selimundu, au sikoseli kama tulivyozoea, iko kwa wingi nchini kwetu. Mtoto aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye vyeti huandika AS, ni mbebaji na kwa kawaida anaishi bila tatizo. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote, SS, ni mgonjwa. Chembe zake nyekundu zikikosa oksijeni hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na kule juu oksijeni ndiyo inayokosekana. Mwenye SS simruhusu Leh, hata kama mwaka mzima hajaumwa.

Shaka yangu ni hiyo kauli ya "kubeba tu". Alipimwa kwa kipimo gani? Kile cha zamani cha tone la damu na darubini huonyesha kama kuna selimundu, lakini hakitofautishi AS na SS. Wako watoto walioambiwa wabebaji kwa sababu tu walikuwa hawaumwi sana. Apimwe aina za himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa kipimo kinachozitenganisha moja moja. Ulizeni hospitali ya rufaa ya mkoa. Kama hawakifanyi wataelekeza sampuli ipelekwe wapi, na Muhimbili wana kliniki ya ugonjwa huu. Fanyeni sasa, msingoje wiki ya safari.

Akitoka AS, anaweza kwenda, lakini kwa macho wazi. Wabebaji wachache, wakifika juu kwa ghafla, hupata tatizo la bandama: damu inakwama ndani yake na sehemu yake inakufa kwa kukosa oksijeni. Ni nadra, ila limetokea kwa watu ambao hawakujua kabisa kwamba ni wabebaji. Dalili yake ni maumivu makali ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, wakati mwingine yakipanda begani. Watu husema ni gesi, wanampa soda. Yakimpata, mpelekeni hospitali na mtamke wazi kwamba ni mbebaji wa selimundu. Anywe maji ya kutosha, asikimbie, asipelekwe Khardung La kwa ajili ya picha, na Diamox yake aamue daktari atakayeyaona majibu.

Kitunguu saumu cha shemeji kipikwe kwenye supu, ni kitamu, lakini hakizuii mapafu kujaa maji. Wengine kule watawapa kafuri mnuse. Inafungua pua tu. Kopo la oksijeni hushika lita chache, linaisha kwa dakika, na baya zaidi linampa mtu matumaini ya kubaki mahali anapotakiwa kuondoka. Fedha hiyo nunueni kile kipima oksijeni cha kidole kilichozoeleka wakati wa korona. Msishtuke mkiona 85 hadi 90 siku ya kwanza, ndiyo kawaida ya Leh. Mshtuke kama mmoja wenu yuko chini sana kuliko wenzake na anakohoa, na mtazameni mtu kabla ya kutazama namba. Maji nayo kunyweni kwa kiu na kidogo zaidi, kwa kuwa Ladakh ni jangwa na hewa inakausha midomo. Kujishindilia madumu hakuzuii ugonjwa. Pombe, sigara na vidonge vya usingizi waachieni wengine. Kahawa? Kama umezoea kahawa chungu kila asubuhi, endelea. Ukiikatisha ghafla utapata kichwa cha kahawa, ukadhani ni mwinuko. Nguo sitaongelea sana: mwezi wa saba mchana kuna jua kali, usiku baridi ya sweta na koti, na miwani ya jua ni lazima kwa wote.

Jambo moja hakuna wakala wa safari atakayewaambia. Ninyi mnatoka Tanga. Mbu aliyekung'ata wiki moja kabla ya kuondoka anaweza kukuletea homa ukiwa Leh, na malaria inaumiza kichwa na kutapisha vilevile kama mwinuko. Daktari wa huko anaona wagonjwa wa mwinuko kila siku, malaria ya kwetu pengine hajaiona tangu chuoni. Mtu akipata homa, mwambieni tunatoka ukanda wa malaria Afrika Mashariki, tunaomba kupimwa. Hiyo ni kwa safari yote ya India na hata mwezi mmoja baada ya kuondoka nyumbani.

Na kama majibu ya binti yatakuwa SS, au presha yako ikagoma, si lazima safari ife. Kutoka Chandigarh mwanao anaweza kuwapeleka Manali, bonde la mita 2,050 lenye mto, misonobari na milima ya theluji kwa mbali, na mnafika kwa barabara mkipanda taratibu. Hata hapo mwenye SS aongee kwanza na daktari wake, lakini si sawa na 3,500. Ipo pia njia ya gari kutoka Srinagar kwenda Leh, mkilala Kargil, mita 2,676, ambayo mwili huipenda kuliko ndege. Inataka siku zaidi, na hali ya usalama Kashmir hubadilika, kwa hiyo mwanao aulize habari za wakati huo. Njia ya Manali kwenda Leh siipendi kwa wageni, maana wengi hulala Sarchu karibu mita 4,300 kabla miili haijajua imefika wapi.

Mpigie mwanao leo, umwambie asilipie mahema. Tiketi za ndege zingoje majibu ya damu ya dada yake.